Nusu ya Bi Sikudhani

Palikuwa na nchi. Msiniulize iko wapi, maana hata nikiulizwa na wenye mamlaka nitasema sijui. Wala si ya zamani sana, kwa kuwa magari yalikuwapo, simu zilikuwapo, na maji ya bomba nayo yalikuwapo, kwenye hotuba.

Nchi hiyo ilikuwa na sifa moja isiyopatikana kwingine: kila neno lililosemwa hadharani lilikuwa na mwenzake. Mlinganifu Mkuu, aliyeitawala tangu siku ambazo meno yake yalikuwa bado ya kwake mwenyewe, aligundua kwamba binadamu husadiki kwa sikio kabla ya kusadiki kwa jicho. Ukimwambia mtu, "Nitakujengea daraja," atakutilia shaka. Ukimwambia, "Palipo na mto nitaweka daraja, palipo na daraja nitaweka taa," atapiga makofi, atarudi kwake kwa kuogelea, na katikati ya mto atakuwa bado anaiimba ile sentensi.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Mizani. Kila usemi wa hadharani uwe na vipande viwili, umbo moja, uzito mmoja. Msemaji atoe kipande cha kwanza, wananchi wakamilishe cha pili. Watoto walifundishwa kukamilisha kabla ya kufundishwa kunawa mikono. Mahakamani, mshtakiwa mmoja alifungwa kwa sababu utetezi wake, ingawa ulikuwa kweli tupu, ulikuwa na vipande vitatu. Hospitalini, daktari hakuruhusiwa kumwambia mgonjwa kuwa ana malaria mpaka amtafutie na ugonjwa wa kuandamana nayo, hivyo wengi walioingia na maradhi mamoja walitoka na mawili, wakashukuru.

Basi kosa kubwa kuliko yote nchini humo halikuwa wizi. Halikuwa rushwa pia, kwa kuwa rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na chenye pande mbili ni halali. Kosa kubwa lilikuwa kusema nusu na kunyamaza.

Mtaona ajabu, lakini serikali ilikuwa na sababu yake. Watu waliolelewa kwa kukamilisha hawawezi kuiacha nusu ikaning'inia. Wataiokota, waende nayo nyumbani, waimalizie kimoyomoyo, kila mmoja kwa alichonacho. Na serikali yenye masikio mengi inaweza kujua watu wamesema nini. Haiwezi kujua wamemalizia nini. Kwa hiyo wenye kosa hilo walipandishwa kilimani, kwenye jumba jeupe lililoonekana kutoka kila mtaa wa mji mkuu, jina lake Nyumba ya Nusu.

* * *

Mtaa wa Bondeni, chini kabisa ya kilima hicho, aliishi kijana aitwaye Bwira Chande, mchora maneno ya malori. Kazi haikukosekana, maana sheria ilitaka kila lori liwe na nusu moja ya usemi kwenye paji la uso na nusu ya pili kwenye bodi la nyuma, na lori ambalo rangi ya nyuma imechakaa lilikamatwa kama lisilo na breki. Lisilo na breki liliruhusiwa kupita.

Bwira alichora ili ale, ila moyo wake ulikuwa kwenye shairi. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza vina kwenye nyimbo za harusi, akajifunza mizani kwenye mdundo wa mama yake akitwanga mchele, akasoma magazeti ya zamani yaliyokuja kufungia vitumbua, mara nyingi bila kujua mwisho wa habari kwa sababu mafuta yalikuwa yameula. Alikuwa na kiburi, tena hakukificha. Alipopeleka mashairi yake redioni, Halmashauri ya Ufasaha ilimjibu kwamba mtunzi hana cheti. Akawaandikia kwamba nao wana vyeti na hawana mtunzi. Tangu hapo hawakumjibu tena.

Mama yake, Bi Sikudhani, alikuwa mpika vitumbua. Kitumbua kinataka mchele uliolowekwa, na mchele unataka maji, na bomba la Bondeni lilikuwa limekauka tangu kura zilipohesabiwa. Siku moja Waziri wa Maji akaja na msafara wake kulizindua bomba hilo kwa mara nyingine.

"Tuliahidi maji kwa maneno!" alisema Waziri, akiukata utepe.

"Tumepata maneno kwa maji!" waliitikia watu, ndoo tupu mikononi. Ndivyo walivyokuwa wameandikiwa.

Waziri alifungua bomba. Likatoa pumzi ndefu kama ya mzee anayeketi, halafu likatoa mjusi. Wapiga picha wakaombwa wampige Waziri kuanzia kifuani kwenda juu. Kisha akatakiwa mwananchi mmoja wa kutoa shukrani. Maofisa wakamchagua Bi Sikudhani, kwa sababu leso yake ilikuwa safi na uso wake haukuonyesha ubishi. Wangemuuliza jirani yeyote, wangeambiwa.

Bi Sikudhani alikishika kipaza sauti kama anavyoushika upawa. Akamtazama Waziri. Alimkumbuka vizuri, na Waziri alionekana kumkumbuka pia, maana wakati wa kampeni alikuwa amekuja pale pale akihema kwa jua, naye akampa maji katika kikombe chake chenye maua.

Akasema polepole, na kila silabi ikakaa mahali pake:

"Mlipokuja kuomba, mlikunywa maji yetu."

Akanyamaza.

Kila aliyekuwapo alijua kwamba hiyo ni nusu. Kuomba kwa wakubwa kumeshasemwa. Kuomba kwa wadogo bado. Vinywa vikafunguka, macho yakaona askari, vinywa vikafumbwa.

"Endelea, mama," alisema Waziri, jasho likimtoka.

"Nimemaliza, mwanangu."

"Hujamaliza!"

"Mimi nimemaliza," alisema Bi Sikudhani, akamrudishia kipaza sauti. "Kama kuna kilichobaki, hicho si changu."

Jua halijapinda, alikuwa amepandishwa kilimani.

* * *

Halmashauri ya Ufasaha ilimwita Bwira siku ya pili. Katibu Mkuu wake, Mheshimiwa Ngwandu, alikuwa mtu mnene, mwenye mashungi ya mvi pande zote mbili za kichwa na upara uliopita katikati kama barabara. Aliishika sheria hata chooni.

"Karibu kwenye kiti, kijana," alisema. "Karibia kijana, kiti."

Bwira alikaa. Tarishi akaleta chai.

"Chai hii ni ya wageni wetu," alisema Ngwandu. "Wageni hawa ni wa chai yetu. Kunywa! Sasa, mama yako ametuletea taabu, na taabu imetuletea mama yako."

"Mfungueni, taabu iishe."

"Hatuwezi kumfungua akiwa nusu. Sheria inasema mwenye nusu atatoka siku nusu yake itakapokamilishwa hadharani, mbele ya Mlinganifu Mkuu, kwa umbo lile lile na uzito ule ule. Asipokamilishiwa hadi Siku ya Mizani, anapelekwa kwenye mashamba ya chumvi." Akashusha sauti. "Na huko kusini watu wanapelekwa wakiwa wazima, wanarudi wakiwa chumvi."

Bwira alimfikiria mama yake na kile kifua chake, ambacho hata moshi wa jiko la vitumbua kiliupokea kwa kikohozi cha wiki nzima.

"Kwa nini hamkamilishi wenyewe? Halmashauri imejaa wasomi."

Ngwandu alitazama dirishani kwa huzuni. "Wamejaribu. Wamekaa semina hotelini. Wametoka na hii." Akasoma kwa shida: "Tulipokuja kuomba, mliunda kamati ndogo ya kulishughulikia ombi letu kwa kushirikiana na wadau." Akakunja uso. "Haikukaa."

"Haijakaa hata kidogo," alisema Bwira. Na kwa sababu ya kiburi tu, kwa sababu hakuweza kuuona mshororo umevunjika miguu akaupita, akasema: "Tulipokuja kuomba, mlifungua mabomba."

Ngwandu alisimama. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Kuomba... mabomba," alinong'ona. "Mungu wangu. Ni kweli tupu!"

"Si kweli. Bomba ni kavu. Limetoa mjusi."

"Kijana, hebu isikilize inavyokaa! Kitu kinachokaa hivyo kitakosaje kuwa kweli? Wewe utaisema hiyo uwanjani kwa kinywa chako. Mama yako atatoka siku hiyo hiyo, nawe utavikwa joho la Malenga wa Taifa. Mashairi yako yatasomwa redioni asubuhi na jioni. Jioni na asubuhi."

Bwira aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Lililomuuma njia nzima si vitisho vya Ngwandu. Lililomuuma ni kwamba ule uongo ulikuwa mtamu. Alikuwa ameutunga kwa pumzi moja, ukatoka umenyooka, ukamlamba ulimi. Mashairi yake ya kweli hayakuwahi kumjia kirahisi namna ile.

* * *

Nyumba ya Nusu ilikuwa na ua mmoja, na wafungwa walikaa humo wakipunga upepo. Askari hawakuwapiga. Waliwakalia karibu tu, masikio yamesimama, wakingoja wamalizie. Alikuwamo mwalimu wa kike aliyewahi kuandika ubaoni, "Chakula cha shule," kengele ikalia. Alikuwamo mzee mmoja aliyepata kusema sokoni, "Mlinganifu Mkuu akifa," halafu akapaliwa na mate. Mwenyewe aliapa kwamba alitaka kusema "tutalia", ila soko zima lilikuwa limeshacheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Mbona shingo imekuwa kama ya kuku wa mnadani?" Bi Sikudhani akakohoa, akaegemea ukuta. "Sema kilichokuleta. Uso wako umebeba kitu."

Bwira akamweleza yote, na mwishoni, kwa sauti ya chini, akamghania ule mshororo. Mama yake akacheka.

"Imekaa," alisema.

"Imekaa, mama."

"Imekaa kama kofia ya marehemu kwenye kichwa cha mrithi. Inamtosha. Lakini sote tunaijua ilikuwa ya nani."

"Utatoka, mama! Hicho ndicho ninachokitaka. Waache wawe na maneno yao."

"Wanayo mengi. Wakiniomba langu, si kwa sababu wamepungukiwa." Akamvuta karibu. "Sikiliza. Wewe unadhani nilisahau? Mwalimu huyu alikatizwa na kengele, mzee yule na mate. Mimi nilinyamaza kusudi. Ningemalizia mwenyewe, lingekuwa neno la Sikudhani wa vitumbua. Wangenifunga, nalo lingefungwa. Nikaliacha wazi, kila mtu atie lake."

"Na wasipotia? Uliwaona siku ile. Walifunga vinywa kama makombe ya baharini."

"Wasipotia, nitakwenda kwenye chumvi nikijua nimekaa na watu wa namna gani. Hilo nalo si dogo la kujua."

"Mama, kifua chako..."

"Kifua changu nimekitumia miaka yote kupuliza moto uliokulea. Usikitumie wewe kunitisha." Kisha akamtazama kwa jicho lile la kupima unga. "Nikuulize. Wewe ni mtunzi, au mchora malori?"

Kwa kijana mwenye kiburi, hakuna aliyewahi kumpiga kofi kali kuliko hilo.

* * *

Alipofika Bondeni, wanawake walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba kavu. Walizipanga kila siku, kwa mazoea. Bi Tausi, jirani yao, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa na miguu ya kwake, akamwona.

"Ee, mpisheni Malenga wa Taifa!" alipaza sauti. "Tumesikia, baba. Tumesikia kwa yule tarishi umewafungulia mabomba. Basi tutungie na shairi la kuogea, tunuke vina!"

Wenzake wakaangua kicheko. Bwira, ambaye kwa kawaida angemjibu beti tatu, alimwendea hadi puani.

"Bi Tausi, siku ile ulifungua kinywa. Nilikuona. Ulitaka kusema nini?"

Kicheko kikakatika. Bi Tausi aliangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mimi nina watoto, mwanangu."

"Sijakuuliza watoto. Nimekuuliza neno."

"Neno ninalo." Sauti ilikuwa imeshuka. Akajigusa kooni. "Limenikaa hapa tangu siku ile. Hata ugali haupiti vizuri."

"Na wewe, Mama Chiku?"

Mama Chiku aliitazama ndoo yake. "Ninalo," alisema.

"Mimi pia," alisema mwingine, na mwingine nyuma yake, na hata mwendesha mkokoteni aliyekuwa anapita zake, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Bwira alisimama pale akiwatazama, na taratibu hasira yake ikabadilika rangi. Ile desturi ya kupokezana haikuzaliwa na sheria. Bibi yake alimlaza nayo. Wasuka ukili wa mikeka waliivutia kazi. Harusini, upande wa bwana ulirusha, upande wa bi harusi ukadaka, na hakuna Halmashauri iliyowafundisha. Mlinganifu Mkuu aliikuta imekaa barazani, akaibeba, akaipeleka ikulu, akaivika sare. Sasa Bwira aliona kitu ambacho wasomi wote wa Halmashauri, na semina yao, hawakukiona: kwa miaka yote hiyo serikali ilikuwa inawafunza watu wake kutokuweza kunyamaza.

Akarudi kwa Ngwandu kumwambia kwamba amekubali.

* * *

Siku ya Mizani uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Magari yaliwaleta watu kwa lazima, na ili mizani isivunjike yangewarudisha kwa lazima. Upande mmoja bendi ya polisi, upande wa pili bendi nyingine ya polisi ikipiga wimbo ule ule. Wafungwa wa Nyumba ya Nusu walikalishwa kwenye benchi chini ya jukwaa, na lori la mashamba ya chumvi liliegeshwa nyuma yao, injini ikiunguruma ili wasije wakasahau.

Mlinganifu Mkuu aliingizwa kwa kubebwa mabegani na watu wawili. Alikuwa amezeeka sana. Muda mwingi alisinzia, kidevu kifuani, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye ukosi wake. Lakini ilisemekana, na wapishi wa ikulu waliapa, kwamba hata akiwa usingizini ukimsemea nusu karibu na sikio ataikamilisha bila kufumbua macho. Ndiyo iliyokuwa siri ya utawala wake.

Alisoma hotuba. "Ndugu wananchi! Wenye njaa tumewapa matumaini! Wenye matumaini tumewapa njaa!" Karatasi ilikuwa imegeuzwa, lakini kwa kuwa ilikaa, watu walishangilia, na Ngwandu akafuta jasho. "Tulikokuwa ndiko tulikotoka! Tulikotoka ndiko tunakokwenda!" Akaketi. Akasinzia.

Bwira akaitwa. Walimvika joho, zito, la kijani, mikono mirefu kupita mikono yake. Alitazama benchi. Mama yake alikuwa anakohoa kwenye leso. Alipoinua uso hakumpungia, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu kama mtu anayengoja mafuta yachemke.

Ngwandu alikuwa amemwagiza auamshe uwanja kwanza kwa sifa za Mlinganifu. Bwira akaushika kwa vitu vya nyumbani.

"Haraka haraka!"

"Haina baraka!" ulijibu uwanja, kwa uvivu bado.

"Haba na haba!"

"Hujaza kibaba!"

Akaongeza kasi. Alirusha, wakadaka, alirusha juu, wakaruka wakadaka. Methali za bibi, mafumbo ya harusini, nyimbo za kutwangia. Watu walianza kucheka, wakaanza kupiga miguu, vumbi likainuka. Ngwandu hakuyaona hayo kwenye programu, lakini yote yalikaa, naye hakuwa na kifungu cha kumzuia.

"Asiyefunzwa na mamaye!"

"Hufunzwa na ulimwengu!"

Hapo Bwira akainua mkono. Uwanja ukasimama, ukihema, kinywa wazi, kama mtu aliyefika ngazi ya mwisho na bado mguu uko hewani.

"Mimi nimefunzwa na mama yangu," alisema. "Yule pale. Hili ni lake."

Akalivua joho, akaliweka chini. Kisha akaghani, na sauti yake, ambayo redio ilisema haina cheti, ikafika kwenye kuta:

"Mlipokuja kuomba, mlikunywa maji yetu!"

Akashusha kipaza sauti.

Ndugu zangu, mimi siwezi kuwaeleza ukimya ule. Bendi zote mbili zilisikia lori la chumvi likinguruma. "Mabomba!" alinong'ona Ngwandu kwa nguvu hadi mishipa ikamsimama. "Sema mabomba!" Bwira alikunja mikono. Kidevu kilikuwa juu. Alikuwa amemweka mama yake mezani, na karata haikuwa mkononi mwake tena.

Askari wakaanza kupanda jukwaa. Mmoja alikuwa ameshamshika kiwiko.

Ndipo kutoka nyuma kabisa, mahali walipokalishwa watu wa Bondeni, sauti ya mwanamke ikapasuka kama chungu:

"Tunapokuja kuomba!"

Alikuwa Bi Tausi, amesimama juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Na uwanja wote, ambao haukufundishwa maishani mwake kuiacha nusu chini, ukaidaka:

"Mnakunywa damu yetu!"

Haikuwa sauti moja sawasawa. Wengine walisema damu. Wengine jasho letu. Wengine walisema machozi yetu, na hao walizidisha mizani moja, lakini siku hiyo hakuna aliyewahesabia. Umbo lilikuwa moja, nalo lilitikisa paa la jukwaa hadi vumbi likamwangukia Waziri wa Maji kwenye suti. Na likarudi tena, na tena, watu wakilia na kucheka, wakijishika koo kama waliotolewa mwiba wa samaki.

* * *

Kamati iliundwa upesi kuchunguza nani alilimaliza lile neno, ili akamatwe. Wakatazama mikanda ya televisheni. Walimwona Bi Tausi. Waliwaona watu wa Bondeni wote. Waliwaona pia wapiga tarumbeta wa bendi ya kulia, wake wa mawaziri watatu, na yule askari aliyemshika Bwira kiwiko, ambaye alikuwa ameimba hadi kofia ikamdondoka. Mwishoni kabisa wakamwona Mlinganifu Mkuu. Macho yalikuwa yamefumba, lakini midomo ilikuwa inacheza, na walipopandisha sauti ya kile kipaza sauti cha ukosini, wakamsikia waziwazi akikamilisha kwa upande wake, kama inavyompasa kiongozi: "Tunakunywa damu yenu."

Kamati ikafunga kazi kwa sababu za kiafya.

Jaji Mkuu, mtu mwaminifu sana kwa maandishi, aliuliza maswali mawili tu. Nusu ya mwanamke yule imekamilishwa hadharani, mbele ya Mlinganifu? Imekamilishwa. Kwa umbo lile lile? Lile lile. Basi sheria ni sheria. Bi Sikudhani akateremka kilimani kwa miguu yake, leso kichwani, akakuta mtaa mzima umemsubiri, akauliza nani amegusa sufuria yake. Waliobaki kilimani walibaki, maana nusu zao zilikuwa bado hazijamalizwa na mtu.

Bwira alinyang'anywa joho, ambalo alikuwa ameshaliacha, na akapigwa marufuku redioni, ambako hakuwahi kuingia. Lakini madereva walianza kuja kutoka mikoa yote, wakitaka jambo jipya. Walitaka maneno mbele tu. Nyuma waachiwe wazi. Trafiki alipowasimamisha, walisema rangi imeisha. Hata leo ukikaa kando ya barabara katika nchi hiyo utaona lori linakuja na nusu yake kwenye paji la uso, linakupita, unageuka kulitazama, na bodi la nyuma ni jeupe kabisa. Na utakuta midomo yako imeshaanza kucheza.

Kuhusu maji, Halmashauri ilikaa, ikaona hakuna sentensi itakayoweza kuipiku ile ya uwanjani. Njia iliyobaki ya kuifanya iwe uongo ilikuwa ngeni kabisa serikalini, lakini waliijaribu: wakafungua maji. Yalitoka mekundu, kisha ya kijivu, kisha maji.

Mheshimiwa Ngwandu alikuja mwenyewe Bondeni, na kamera nyuma yake, kupokea shukrani. Alimkuta Bi Sikudhani kwenye jiko, vitumbua vinafura, Bwira pembeni akikoroga rangi.

"Mama," alisema Ngwandu kwa unyenyekevu, "tumetimiza. Sasa sema moja tu la kutushukuru. Lakini zima, mama. Nakuomba. Zima!"

Bi Sikudhani alifuta mikono. Alilitazama bomba likitiririka ndani ya ndoo ya Bi Tausi. Kisha akainua macho, akalitazama kilimani lile jumba jeupe, ambako mwalimu wa kike na mzee wa watu walikuwa wamekaa uani, askari kando yao, masikio yamesimama.

"Bomba mmelifungua," alisema.

Akageuza kitumbua.

"Endelea, mama!" alilia Ngwandu.

Bi Tausi aliiweka ndoo chini. Mama Chiku aliiweka yake. Mwendesha mkokoteni akasimamisha mkokoteni, na mtaa mzima wa Bondeni, uso umeelekea kilimani, ukavuta pumzi.